Kaburi Kwenye Mafunjo

Maji yalianza kuingia kaburini kabla shimo halijafika kimo cha kiuno. Yalitoka chini, bila kelele, kwenye kona ya upande wa ziwa, na mwanzoni Joash, jirani yetu aliyekuwa akichimba, alidhani amekata mzizi. Akapiga jembe tena. Udongo uliotoka ulikuwa mweusi na mzito, wa kung'ang'ania chuma, na pale ulipotoka pakajaa maji huku tukitazama. Joash akapanda juu, akapangusa viganja kwenye suruali, kisha akanitazama mimi badala ya kumtazama kaka yangu. Nilimchukia kwa hilo. Kila mtu aliyesimama pale alijua maji yale yalirudishwa na nani.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Baba yetu, Mzee Gathogo, alikuwa bado mochari mjini Naivasha, na kesho yake angeletwa nyumbani azikwe kando ya mama. Mahema yalikuwa yameshasimama. Jamaa wa Mau Narok walikuwa wameleta viazi na walikuwa wakiulizana nani atavimenya, na wale wa Keringet walikuwa njiani. Tangazo lilikuwa limesomwa redioni, na kwetu tangazo la mazishi likishasomwa, watu huja hata kama mbingu zimeanguka. Maiti nayo ikishatoka mochari hairudishwi. Atakayeirudisha anaitafutia nyumba yake kifo kingine, hivyo ndivyo wazee wanavyosema, na hata vijana wasioamini kitu hawapendi kujaribu.

"Hii maji inatoka wapi?" Mbugua akauliza.

Kaka yangu huyo anaishi Nakuru, anauza vipuri vya magari, na alikuwa amefika jana yake akiwa na viatu vya mjini. Jibu alilijua.

"Inatoka kwa kinamasi," nikasema.

"Kinamasi gani? Hapa ni shamba. Mama alizikwa hapa na vumbi."

Hapo alisema kweli. Mama, Njambi, alizikwa na vumbi.

Kijiji chetu kinaitwa Kampuni kwa sababu ni kampuni ya kununua ardhi iliyolichukua shamba hili kutoka kwa mzungu, baba zetu wakiwa wanahisa. Siku ya kugawana walipiga kura kwa vipande vya karatasi ndani ya kofia, na baba akachomoa ploti ya chini kabisa, inayotazama ziwa. Wenzake walimwonea wivu. Ardhi ilikuwa tambarare, nyeusi, haina hata jiwe moja, na hakuna aliyejiuliza ilikuwaje ardhi ikawa nzuri namna hiyo. Mzungu alikuwa amechimba mtaro kutoka kwenye chemchemi za juu hadi ziwani, akayatoa maji yote na kupanda majani ya ng'ombe. Alipoondoka tuliurithi ule mtaro kama watu wanavyorithi dini. Kila Januari wanaume wa Kampuni walitoka na majembe kuufukua, na baba ndiye aliyekuwa msimamizi wao. Asiyetoka alitozwa kuku, na kuku huyo aliliwa hapo hapo mtaroni mwenyewe akitazama. Mimi nilikua nikiamini kwamba mtaro ukiziba, Kampuni itakufa.

Basi Kampuni ikafa na mtaro wake ukiwa wazi. Visima vilianza kutoa tope, halafu vikatoa hewa. Ile ardhi nyeusi ikapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, na upepo wa mchana ukawa unaibeba na kuileta kwenye chai. Mama alikufa katika ukame huo, kwa ugonjwa wa figo. Tulimzika chini kabisa ya ploti, penye mpaka, kwa sababu watu wa kwetu huzika mahali ambapo jembe halipiti. Ardhi ilikuwa ngumu mpaka vijana wakaomba mtaimbo, na kila ulipopiga ulilia kama kengele. Pasta alimeza vumbi katikati ya sala akakohoa mpaka mtu akamletea maji. Tulimzika mama katikati ya kinamasi siku hiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona.

Watu walipotawanyika, baba alipiga vigingi viwili upande wa kushoto wa kaburi.

"Hapa ni pangu," akasema.

Hakutaka mzaha juu ya jambo hilo. Mbuzi waking'oa vigingi, alivirudisha siku hiyo hiyo.

Afisa wa kaunti alikuja kutuambia habari za kinamasi wakati bado tunanunua maji ya kunywa kutoka kwa punda. Alisema eneo la chini, tangu mtaroni hadi ziwani, linaweza kurudishwa lilivyokuwa kabla ya mzungu. Pawe mali ya umma, pawe na mafunjo na migunga, na njia ya mbao ya kupitia. Wanafunzi waje kutazama ndege, na watu wa mjini waje Jumapili wapumue. Tulimcheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Nilimwambia kwamba sisi hatuna maji ya kuoga na yeye anatuletea habari za bata.

Aliyenibadilisha nia ni Zeddy. Zeddy aliolewa Kampuni kutoka upande wa Kuresoi, na ni mwanamke asiyependa mikutano. Siku moja alinichukua hadi ufukweni, akang'oa shina la funjo na mizizi yake, akalikamua mbele yangu. Maji yaliyotoka yalijaza kikombe. Ukame wote ule, na mizizi ile ilikuwa bado imeyashika. Wiki hiyo tulianza kikundi, wanawake watupu, na kwa kuwa mdomo wangu ndio uliokuwa mkubwa wakanifanya mwenyekiti.

Kupanda mafunjo si kazi ya mikono. Mzizi wake ni mwepesi, una hewa ndani, na ukiuchomeka kwenye tope lenye maji unaibuka na kuelea. Inabidi uusimamie. Unauweka mahali pake, unaukanyaga kwa miguu yote miwili, unatulia, wenzako wanamwaga tope kuzunguka miguu yako, na huondoki mpaka usikie chini pameshika. Halafu unachomoa mguu mmoja, polepole, kisha wa pili. Tulikuwa tukisimama kwa safu namna hiyo, sketi zimefungwa kiunoni, tumezama mpaka magotini, tukipiga soga kama tuko sokoni. Mbugua alipokuja kututembelea alisimama ukingoni akatuuliza kama tumeanza dini mpya ya kusimama. Tulicheka naye. Miaka hiyo tulikuwa bado tunacheka pamoja.

Lakini mafunjo bila maji ni kuni, na maji yasingebaki huku mtaro uko wazi. Ilibidi tuuzibe. Baba alinuna mwezi mzima. Sisi tulipanga magunia ya udongo na kupigilia nguzo za mikaratusi, na alasiri moja, nikiwa napigilia nguzo iliyokuwa ikienda upande, nyundo ikachukuliwa mkononi mwangu kutoka nyuma.

"Ukifunga, funga vizuri, mama," baba akasema.

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Aliipiga ile nguzo mpaka ikasimama wima, akaenda kwenye ya pili. Mtu aliyeufukua mtaro ule maisha yake yote aliuziba kwa mkono wake, na sikuwahi kuona mtu akipiga nguzo kwa hasira na upendo vikiwa vimechanganyika vile.

Jioni ile nilimuuliza lile nililokuwa nikiliogopa.

"Baba, maji yakirudi yatafika kwa mama."

"Najua."

"Na pale pako?"

"Maji haina haraka," akasema. "Mimi nitaitangulia."

Hakutangulia. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, akalala nyumbani kwangu miaka, na katika miaka hiyo hiyo mvua ikakumbuka njia ya kwetu. Nilimwosha, nilimgeuza, nilimlisha uji kwa kijiko. Kitanda chake kilikuwa dirishani, na kutoka pale aliona chini kuking'aa, kila msimu karibu zaidi. Aliniuliza maji yamefika wapi, nami nikamwambia ukweli. Yamefika kwenye migunga. Yamefika kwenye jiwe la mpaka. Alitikisa kichwa, akafumba macho. Kamwe hakuniambia nifungue. Lakini mwishoni, ulimi wake ulipokuwa umebaki na maneno machache, Mbugua alikuja kumwona, na baba akamshika mkono akamwambia, "Kwa mama yenu." Hakusema zaidi. Kwa hiyo kila mmoja wetu alibaki na nusu ya baba, na nusu hizo hazikulingana.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Ijumaa hakuna aliyehitaji kuelezwa chochote.

Tulijaribu pampu kwanza. Joash alileta ya mkulima wa vitunguu, ya petroli, na ilinguruma vizuri mpaka sakafu ya kaburi ikaonekana. Mbugua alitabasamu. Halafu ukuta wa upande wa mama ukaanza kuteremka. Chini ya ule udongo mweusi wa kwetu kuna jivu la volkano, jepesi, lisilo na mshiko, na pampu ilipovuta maji ilivuta na jivu. Msalaba wa mama ukainama kuelekea shimoni. Joash aliizima pampu bila kuambiwa. Wote tulielewa kwamba tukiendelea, tutakachokiona ubavuni mwa shimo lile ni jeneza la mama, au kilichobaki.

"Basi tunafungua mtaro," Mbugua akasema. "Leo. Kesho mchana hapa patakuwa pamekauka."

Aliondoka kwa hatua ndefu kuelekea ukutani, nasi tukamfuata, wachimbaji, shangazi, mimi. Ukuta ule wa magunia ulikuwa umeota nyasi juu. Nyuma yake maji yalisimama meusi, na mafunjo yalianzia pale yakaenda mpaka macho yanapochoka. Katikati, mahali ambapo mbwa hawawezi kufika kwa sababu ya maji, korongo wawili wenye taji walikuwa wameatamia, wa kwanza tangu nizaliwe. Mbugua alishika gunia la juu akalitikisa.

"Wachuka, hii ukuta si ya Mungu. Mlijenga na magunia. Mtajenga tena."

"Na mvua hii? Maji ikipata njia itabeba kila kitu."

"Ibebe."

"Mwaka wa kwanza ilipasuka. Umesahau? Mafunjo yalikauka yakiwa yamesimama, ng'ombe wakaingia wakamaliza. Tulianza upya na mizizi ya kuokota."

"Wewe unaona ndege," akasema. "Mimi naona baba."

Nilimpenda baba kuliko alivyompenda yeye, au angalau nilimwosha zaidi, na sikuona namna ya kulisema hilo bila kuwa mtu mbaya. Niligeuka kuwatafuta wanawake wa kikundi. Walikuwa wametufuata wote kutoka jikoni, aproni viunoni, visu vya viazi mikononi. Walikuwa wameacha kumenya. Nilisubiri mmoja wao aseme hapana. Miaka yao ilikuwa ndani ya maji yale, na magoti yao. Yupo mmoja aliyepoteza mimba akibeba mizizi. Nilijua kama mmoja tu angekataa, ningejificha nyuma yake, nimwambie kaka yangu kwamba kikundi kimekataa, si mimi.

Hakuna aliyekataa. Kwetu mfiwa hakataliwi. Akiomba moto anapewa, akiomba ng'ombe anapewa, na wanawake wale walikuwa wamekuja kwenye msiba.

"Sema wewe, Wachuka," Zeddy akasema. "Ukisema tufungue tutafungua saa hii, na tutatoa magunia na mikono yetu. Sisi tumekuja kupika."

Nilimkasirikia Zeddy siku ile kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Bado namkasirikia nikikumbuka, ingawa hakuna kosa alilofanya. Aliniweka mbele ya jambo langu mwenyewe akarudi nyuma hatua moja, na wote wakarudi naye.

Watu huniuliza, wale wanaojua, niliwaza nini. Sikuwaza kuhusu korongo. Niliwaza kwamba kila kitu nilichokifahamu utotoni kilikuwa kimekauka kabla sijajua jina lake. Kisima, ng'ombe, mama. Na kwamba hiki ndicho kitu pekee nilichokiona kikirudi. Baba alikuwa amekufa tayari. Mafunjo yalikuwa hayajafa.

"Haifunguliwi," nikasema.

Shangazi yetu, dada yake baba, alivuta shuka lake mabegani. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema, wala hakuniangalia tena mpaka msiba ukaisha.

Nilipendekeza tumzike baba juu, karibu na nyumba, penye udongo mkavu. Nilisema tutangoja ukame, tuombe kibali, tumfukue mama tumlete naye huko. Mbugua alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu niliyoiogopa.

"Baba alisema kwa mama. Atazikwa kwa mama. Kama ni kwa maji, ni kwa maji."

Mjomba mmoja kutoka Mau Narok alishauri jeneza liwekwe mawe ndani ili lisielee. Alisema amewahi kuona ikifanywa, kule bondeni, wakati wa mafuriko.

"Baba hafungiwi mawe kama paka," Mbugua akasema.

Jumamosi jua lilitoka, na hilo lilinikera, kwa sababu nilitaka mvua inisaidie kueleza. Watu walisimama juu ya mbao, zile zile za njia ya wageni ambayo bado hatukuwa tumeimaliza, na zilikuwa zikizama kidogo chini ya uzito wao. Ardhi yote ilikuwa ikicheza. Wanawake wa kikundi walisimama wamezunguka kaburi na masufuria ya kupikia, wakichota na kumwaga, wakichota na kumwaga, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Sikuwaomba. Maji yalirudi kwa mwendo ule ule waliouchota. Pasta alifupisha mahubiri na akayaruka mafungu yanayotaja udongo, nikamshukuru kimoyomoyo.

Waliteremsha jeneza kwa kamba. Liligusa maji, likaingia, tukaona kifuniko kikifunikwa na weusi ule. Walipolegeza kamba, likarudi juu.

Lilirudi polepole, kichwa kwanza, likajigeuza kidogo likaelekea ziwani. Umati ulitoa sauti ambayo si kilio wala si neno. Wanaume walichukua miti ya mahema wakalisukuma chini, nalo likazama upande mmoja na kuinuka wa pili, na kutoka ndani tukasikia kitu kikiteleza. Waimbaji walikuwa katikati ya ubeti. Mmoja mmoja wakaacha, mpaka akabaki mama mzee mmoja ambaye hakuona vizuri, akiimba peke yake. Niliona aibu iliyonichoma mpaka masikioni. Nilitaka kumwambia baba anisamehe, na nilijua hata nikisema, nitakachokuwa nikizungumza nacho ni sanduku linaloelea.

Zeddy alikuwa ameshusha sufuria lake. Alizungumza polepole, macho yakiwa chini, kama mtu anayejisemea jikoni.

"Si ni kama mafunjo tu. Lazima mtu asimame juu mpaka ishike."

Mbugua alimsikia. Alivua koti akampa shangazi. Viatu hakuvua. Alikaa ukingoni mwa kaburi, suti yake ya kijivu ikifyonza tope, akashuka, akasimama juu ya baba yetu. Jeneza likazama chini yake. Maji yalimfika mapajani. Aliyumba, akanyoosha mikono kutafuta mizani, kisha akatulia, na chini yake jeneza nalo likatulia.

"Mwageni," akasema.

Hakuna aliyesogea. Huwezi kumwagia mtu aliye hai udongo wa kaburi. Hakuna aliyewahi kutukataza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri litafanyika. Joash alilaza koleo lake chini kabisa, akafunga mikono nyuma.

Mbugua akainua uso. Alikuwa analia waziwazi, mdomo umeachama, vile alivyokuwa akilia utotoni akipigwa na mimi.

"Wachuka. Mwaga."

Nilichukua koleo. La kwanza nililielekeza pembeni, miguuni pa jeneza, likatumbukia na kumrushia matope shatini. Alitikisa kichwa.

"Hapa," akasema, akionyesha magoti yake. "Wewe ndio unajua hii kazi. Fanya vile mnafanyanga."

Nikafanya vile tunavyofanya. Nilimwaga kuzunguka miguu yake, kidogo kidogo, nikianzia kisigino, nikishindilia kwa bapa la koleo, nikingoja maji yapande na kumwagika kando kabla ya kuongeza. Wanawake wakaja mmoja mmoja kunisaidia, kwa mikono, kwa masufuria. Hakuna aliyeimba wala kusali. Udongo ulimfika kaka yangu kwenye vifundo, ukamfika kwenye mashavu ya miguu, ukamfika magotini. Kila mara nilipotua aliniambia bado. Nilimzika baba yangu na nusu ya kaka yangu kwa pamoja, na nilijua nafanya nini, kwa sababu ilikuwa kazi niliyoizoea.

Mwishowe alifumba macho, akasikiliza kwa miguu.

"Imeshika," akasema.

Alichomoa mguu mmoja. Kiatu kilibaki chini. Alichomoa wa pili, nao ukatoka bila kiatu. Niliacha koleo nikapiga goti ukingoni, nikamnyooshea mkono. Nilikuwa wa kwanza kuunyoosha, na nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote. Aliutazama mkono wangu. Kisha akaupita, akashika wa Zeddy, ambao ulikuwa mbali kidogo, na Zeddy akamvuta nje huku akinitazama mimi.

Hakula. Chakula kilikuwa kingi, viazi vile vyote vilikuwa vimepikwa, na mtoto wa marehemu alipita katikati ya masufuria bila viatu, akaingia garini, akaondoka. Wageni walikula wakizungumza juu ya barabara. Nami nilikula, kwa kuwa mtu mmoja wa nyumba lazima ale, na chakula hakikuwa na ladha yoyote.

Korongo waliangua. Sikwenda kuwaona.

Hifadhi ilifunguliwa mwaka uliofuata. Kaunti ilileta utepe na kibao, na tangu hapo watu huja, hasa Jumapili. Wanatembea kwenye mbao, wanapiga picha mafunjo, watoto wanahesabu ndege na kubishana. Maji yalipanda zaidi, na sasa misalaba miwili imesimama ndani yake, mmoja umeinama. Wageni hudhani ni nguzo za ukuta wa zamani. Siwasahihishi.

Mbugua huja mara moja kwa mwaka. Haji nyumbani. Anaingia kwa lango la umma na watu wengine, anatembea mpaka mahali ambapo misalaba inaonekana, anasimama, anarudi. Nyumba yangu iko pale juu na mlango wake huwa wazi mchana kutwa. Nilimtumia salamu kupitia kwa shangazi, na shangazi akaniambia zimefika. Mahali ni pa umma. Siwezi kumzuia mtu kuingia, wala siwezi kumlazimisha kupanda mlima kidogo aje anywe chai.

Mwaka huu alikuja na mtoto wake wa kike, aliyezaliwa baada ya mazishi, ambaye nilikuwa nimesikia tu kwamba amepewa jina la mama. Nilimtambua kabla sijamwona baba yake. Ana paji la uso la mama na ile namna yake ya kutembea mikono ikiwa nyuma. Nilikuwa nimeinama kando ya njia nikikata majani, na alisimama mbele yangu, karibu kabisa, akanikagua kutoka kwenye gambuti hadi kwenye kitambaa cha kichwa, vile watoto wanavyofanya.

"Dadi, huyu ni nani?"

Mbugua aliniangalia. Nywele zake zimeanza kuwa nyeupe pembeni. Nilisimama wima, nikafuta mkono kwenye aproni, endapo angenyoosha wake.

"Ni mtu wa hapa," akamwambia, akamshika mtoto bega, wakaendelea na njia. Nami nikainama tena, kwa sababu wageni walikuwa wengi siku hiyo na upande ule majani yalikuwa yameifunika njia.